Hisi ya mguso kwenye kitambaa na kwenye skrini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaofuma, wanaoshona na wanaouza vitambaa, na pia wa wabunifu wanaotakiwa kumweleza mtu kitambaa ambacho hatakishika mpaka atakapokuwa ameshakilipia. Maswali yanaanzia kwenye ngozi, yanapita kwenye uzi, yanaishia kwenye vifaa vinavyotetema na nguo zenye umeme. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa lilipo.

## Ngozi na kidole

Mguso ni hisi moja au ni hisi nyingi zilizopewa jina moja?

Ni nyingi. Ngozi isiyo na vinyweleo, kama ya kiganja na ncha za vidole, ina aina nne za vipokezi vya mguso, na kila aina ina kazi yake. Vipokezi vya Merkel hushika msukumo unaodumu na kingo za vitu. Vya Meissner hushtuka kitu kinapoanza kuponyoka au kutetema taratibu. Vya Ruffini huitikia ngozi inapovutwa. Vya Pacini, vilivyozama ndani zaidi, ni mabingwa wa mitetemo ya kasi, hasa karibu na hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde. Mbali na hivyo kuna neva za joto, za baridi na za maumivu.

Namna seli inavyogeuza msukumo kuwa ishara ya neva ilikuwa fumbo mpaka juzijuzi. Ardem Patapoutian na wenzake walizitambua protini za PIEZO1 na PIEZO2 mwaka 2010, na mwaka 2021 yeye na David Julius, aliyefanya kazi kama hiyo upande wa joto, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. PIEZO2 ndiyo inayobeba mguso mwepesi. Wapo watu wachache waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni yake: joto na maumivu wanayasikia, lakini mtetemo ukiwekwa kidoleni hawausikii.

Kwa nini watu husugua kitambaa kati ya vidole badala ya kukigusa tu?

Kwa sababu kidole kilichotulia hakijui mengi. Mwanasaikolojia Mjerumani David Katz alilieleza jambo hili tangu mwaka 1925: mparuzo wa uso wa kitu hujulikana kwa mwendo. Weka kidole juu ya kitambaa bila kukisogeza. Utajua kama ni baridi au ni vuguvugu, na muda si mrefu hata hilo litafifia. Sasa kisogeze kidogo tu, na mistari ya nyuzi inajitokeza.

Mwaka 1987 Susan Lederman na Roberta Klatzky walichunguza mikono ya watu waliokuwa wakitambua vitu bila kuviona, wakaona kwamba mkono una mwenendo wake kwa kila swali. Ukitaka kujua mparuzo, husugua huku na huku. Ukitaka kujua ugumu, hubonyeza. Ukitaka joto, hutulia. Uzito huupima kwa kuinua, umbo kwa kufumbata, na pembe zake kwa kufuata ukingo. Orodha hii tutairudia mara kadhaa, maana mbunifu anayejua mkono unauliza nini ndiye anayejua skrini ijibu nini.

Kidole kinaweza kutambua kitu kidogo kiasi gani?

Inategemea kama kimetulia au kinatembea. Ncha mbili zikikigusa kidole zikiwa zimeachana kama milimita 2, wengi watajua kuwa ni mbili. Mgongoni inabidi ziachane karibu sentimita 4. Lakini kidole kinachotembea ni kingine kabisa. Watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm walionyesha mwaka 2013 kwamba watu huweza kutofautisha uso laini kabisa na uso wenye mikunyanzi ya kimo cha nanomita 10 hivi. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ndiyo hisi ambayo picha ya bidhaa inajaribu kuishawishi kwa pikseli.

## Kitambaa mkononi

Vitambaa viwili vyote ni pamba asilimia 100. Kwa nini kimoja ni laini na kingine kinaparuza?

Lebo inataja malighafi tu. Kati ya malighafi hiyo na kidole chako kuna hatua nyingine, na kila moja inaweza kuipindua iliyotangulia.

Kwanza urefu na wembamba wa nyuzinyuzi za pamba yenyewe: ndefu na nyembamba hutoa uzi usio na ncha nyingi zilizochomoza. Kisha msokoto. Uzi uliosokotwa sana huwa mkavu na mkakamavu. Uliolegezwa huwa mnene na mwororo, ila huota vijidonge upesi. Kisha ufumaji. Katika ufumaji wa kawaida mshindio, yaani uzi wa kukingama, hupita juu ya mtande mmoja, uzi wa urefu, na chini ya unaofuata, hivyo uso wote umejaa vivuko vidogo ambavyo kidole huvisoma. Atlasi, yaani satini, huuacha uzi uelee juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama tena, ndiyo maana inateleza. Mwisho kuna umaliziaji: kuunguza vinyweleo kwa moto, kupitisha kitambaa kwenye rola za moto, kukikwangua kwa brashi za waya ili manyoya yainuke, kukiosha kwa vimeng'enya vinavyokula ncha za nyuzi, au kukipaka kilainisho. Flaneli na popilini zinaweza kutoka kwenye shamba moja la pamba na zisifanane kwa lolote.

Hicho kilainisho ndicho chenye hila. Ulaini wa kitambaa kipya mara nyingi ni wa dawa, na dawa huondoka na maji. Mimi sikiandikii kitambaa maelezo kabla hakijafuliwa mara mbili tatu, na nadhani kila mwenye kuuza kwa picha angefaa kufanya hivyo.

Kwa nini sufu nyingine inachoma shingoni?

Mara nyingi si mzio. Nyuzi za sufu zina ncha zinazochomoza. Ncha nyembamba ikigusa ngozi hupinda. Ncha nene haipindi, inasukuma ngozi kiasi cha kuamsha neva za maumivu. Mpaka unaotumika katika biashara ya sufu ni unene wa maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita): nyuzi zilizozidi hapo zikipita kama asilimia 5 ya zote, wavaaji wengi huanza kujikuna. Merino laini ina wastani ulio chini ya maikroni 20.

Kiganja hakiusikii mchomo huu, kwa kuwa ngozi yake ni nene. Anayepima sweta kwa kiganja anajidanganya. Ilaze shingoni au upande wa ndani wa mkono, uibonyeze kidogo.

Hariri na sufu vimelala chumba kimoja usiku kucha. Kwa nini asubuhi hariri ni baridi?

Joto lake ni lile lile. Kinachotofautiana ni kasi ya joto kuhama kutoka kidoleni. Kitambaa bapa na laini hugusana na ngozi kwa eneo kubwa, hivyo hunyonya joto haraka. Chenye manyoya huweka hewa katikati. Atlasi ya poliesta nayo hutoa ubaridi huo, wakati flaneli ya pamba haitoi, kwa hiyo usimsingizie mdudu wa hariri peke yake.

Ubaridi huu ni wa sekunde chache za mwanzo. Usiuandike kwenye maelezo kana kwamba unamaanisha nguo itakuwa ya kipoa siku nzima. Hilo linategemea hewa na jasho vinavyopita kwenye kitambaa.

Kwa nini wakati mwingine sijui kama nguo ni mbichi au ni baridi tu?

Ngozi ya binadamu haina kipokezi cha unyevu. Ubongo hukisia unyevu kwa kuunganisha baridi na namna kitambaa kinavyong'ang'ania ngozi, na baridi ikiwepo peke yake unaweza kukosea. Shika mshono mnene au mfuko, uusugue: nguo mbichi hung'ang'ania, iliyokauka huteleza.

Mguso wa kitambaa unaweza kupimwa kwa namba?

Sehemu yake. F. T. Peirce, aliyekuwa akifanya utafiti wa pamba Manchester, alichapisha njia mwaka 1930 ambayo inatumika hadi leo. Ukanda wa kitambaa unasogezwa nje ya ukingo wa jukwaa mpaka ncha yake iiname kwa uzito wake na kugusa mstari ulioshuka kwa digrii 41.5. Urefu uliotokeza unakueleza ukakamavu. Katika miaka ya 1960 kikaenea kifaa cha Cusick cha kupima kuning'inia: duara la kitambaa la sentimita 30 linalazwa juu ya sahani ya sentimita 18, linamulikwa, na kivuli chake kinapimwa. Kivuli kikiwa kidogo, kitambaa kimeanguka vizuri.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Sueo Kawabata wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mwaka 1972 iliundwa kamati ya mafundi waliozoea kuhukumu vitambaa kwa mkono, wakakubaliana juu ya sifa za kupimwa na madaraja yake. Kisha zikaundwa mashine nne zinazovuta, kupinda, kubonyeza na kuparaza kitambaa kwa nguvu ndogo kama zile za vidole, na vipimo 16 vikaunganishwa na hukumu za wale mafundi. Australia nayo, kupitia CSIRO, shirika lake la utafiti wa sayansi, ilitoa katika miaka ya 1980 mfumo mwepesi zaidi kwa washonaji wa suti za sufu.

Namba hizi ni hodari kwa swali la kiwandani: je, roli hii inafanana na ya mwezi uliopita? Kwa swali la mnunuzi, kama atakipenda, hazina jibu.

Mbona mimi na mwenzangu hatukubaliani kuhusu kitambaa kile kile?

Vidole havilingani. Unyevu wa ngozi hubadili msuguano, umri hupunguza wepesi wa vipokezi, sugu za kazi huziba. Macho nayo huingilia. Vifichieni vitambaa ndani ya boksi, halafu mlinganishe viwili viwili badala ya kukipa kimoja alama.

## Kitambaa kwenye skrini

Picha inaweza kuonyesha mguso?

Inaweza kuonyesha ushahidi wa mguso, na ushahidi huo ni wa taa kuliko wa kamera. Mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli. Mwanga wa pembeni, unaopita karibu sambamba na uso wa kitambaa, humpa kila uzi kivuli chake. Shusha taa moja mpaka usawa wa meza kabla hujafikiria kununua lenzi.

Jambo la pili ni mkunjo. Kitambaa kilichopigwa pasi na kutandazwa bapa hakina cha kusema zaidi ya rangi. Kikunje mara moja tu na uache mkunjo ulale wenyewe: ukingo mkali ni wa kitambaa chembamba kinachoshika pasi, ukingo wa duara ni wa kitambaa kinene au chenye ukaidi. Picha ya karibu mpaka nyuzi zihesabike, picha ya mkunjo, picha ya kitambaa kikining'inia. Zaidi ya hapo sioni haja.

Video ifanye nini ambacho picha haifanyi?

Ifanye kazi ya mkono wa mtazamaji. Rudi kwenye orodha ya Lederman na Klatzky katika swali la kusugua, uirekodi kama ilivyo.

Mkono unakusanya kitambaa, unakifinya ndani ya ngumi kwa sekunde tatu, unaachia. Kitani kinabaki na makunyanzi yake yote. Sufu inajifungua polepole, kona moja baada ya nyingine, mpaka inakaribia kunyooka. Poliesta inachomoka mara moja kana kwamba haikushikwa. Kisha kidole gumba kinateleza juu ya mahameli kwenda na kurudi, na mstari mweusi unafuata kidole upande mmoja, ukirudi unafutika. Mtazamaji hajagusa kitu, lakini ameshajua mengi kuliko aya nzima ya sifa ingemwambia.

Usipunguze kasi ya video. Kitambaa kizito kikionyeshwa taratibu huonekana chepesi na chenye kuelea, na mteja atakaporudisha mzigo atakuwa na haki.

Sauti ya kitambaa ina faida yoyote?

Ina faida, na wengi wanaifunika kwa muziki. Veikko Jousmäki na Riitta Hari wa Finland walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu anaposugua viganja vyake huku akisikia sauti hiyo kwenye hedifoni, kuongeza masafa yake ya juu kulimfanya aone ngozi yake imekauka kama karatasi. Masikio hushiriki katika mguso. Tafeta inanong'ona, jinzi mpya inakwaruza, jezi ya pamba inanyamaza. Ila wengi hutazama video wakiwa wamezima sauti, kwa hiyo isiwe ndiyo ushahidi wako pekee.

Niandikeje maelezo ya kitambaa?

Andika kinachotokea, acha sifa. "Kitambaa laini cha ubora wa hali ya juu" kinaweza kuwa chochote. Linganisha na haya:

"Pamba, gramu 140 kwa mita ya mraba. Kikiwa kipya kinateleza kidogo. Baada ya kufuliwa kinakuwa kikavu. Kinashika mkunjo wa pasi. Ukikiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha mkono wako."

Msomaji amepata uzito, msuguano, ukakamavu na wepesi, na hakuna neno la kumsifu muuzaji. Uzito kwa mita ya mraba ni namba ya lazima: vitambaa vingi vya shati viko kati ya gramu 100 na 150, vya fulana kati ya 140 na 200, na jinzi nyingi hupita 300. Lakini uzito si ulaini. Turubai na blanketi vinaweza kulingana kwenye mizani.

Kitambaa cha kutengenezwa kwenye kompyuta kinaaminika?

Kwa kuning'inia, ndiyo, ikiwa umekilisha namba za kweli: uzito, unene, kupinda, kuvutika. Tangu David Baraff na Andrew Witkin waonyeshe mwaka 1998 njia ya kukokotoa mwendo wa nguo kwa hatua kubwa bila hesabu kuvurugika, uigaji umekuwa wa kasi na mzuri. Tatizo ni uvivu wetu. Wengi huchukua kitambaa cha maktaba ya programu, hubadilisha rangi, na kukiita chao. Matokeo ni magauni kumi yanayoanguka kwa namna moja. Manyoya madogo ya usoni, yale yanayoamua kama sufu itachoma, bado hayaonekani vizuri humo.

Bado kuna haja ya kutuma sampuli kwa posta?

Ipo, tena kuliko vifaa vyote vinavyotajwa chini ya ukurasa huu. Joann Peck na Terry Childers walitengeneza mwaka 2003 kipimo cha haja ya kugusa, kinachoonyesha kwamba watu wanatofautiana sana: kuna anayetosheka na maelezo, na kuna ambaye bila kushika haamui. Mwaka 2009 Peck na Suzanne Shu wakaonyesha kwamba kukigusa tu kitu humfanya mtu ajione zaidi kama mwenye kitu hicho.

Sampuli iwe kubwa kama kiganja. Kipande cha sentimita tatu hakifinyiki, hakining'inii, hakina la kusema. Na tafadhali usikigundishe kwenye kadi. Kitambaa kilichogundishwa kina upande mmoja tu, na mkono unataka pande mbili, gumba huku na shahada kule. Kipigie pini moja kwenye kona, ukingo mmoja uuache bila kuzibwa ili mtu avute uzi akitaka.

Niweke picha ya kitambaa kama mandhari ya programu yangu?

Afadhali uache. Apple ilijaza programu zake ngozi iliyoshonwa na kitani cha kijivu, kisha mwaka 2013 ikaviondoa kwenye iOS 7, mfumo wa simu zake. Picha ya uso wenye mparuzo juu ya kioo kinachoteleza humwahidi kidole kitu ambacho hakipo, na maandishi juu yake husomeka kwa shida.

## Mtetemo

Simu hutetemaje, na kwa nini nyingine inavuma na nyingine inagonga?

Kuna mota za aina mbili kuu. Ya zamani ina kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili; ikizunguka, simu inayumba. Nguvu na kasi yake haviachani, na inachukua muda kuanza na kusimama, ndiyo maana unasikia mvumo. Ya pili ina uzito mdogo juu ya springi unaosukumwa na sumaku kwenda na kurudi, mara nyingi kati ya hezi 150 na 235, jirani na pale vipokezi vya Pacini vinapoamka zaidi. Hii inaweza kugonga mara moja na kunyamaza.

Mfano mzuri ni kitufe cha mbele cha iPhone 7 ya mwaka 2016. Simu ikiwa imewaka, unakibonyeza na unaapa kimeshuka. Ukiizima kabisa na kubonyeza tena, hakuna kitu: ni kioo kigumu kisichosogea. Kushuka kote kulikuwa kugongwa kwa kidole na mota iliyo chini.

Programu yangu iwe na mitetemo mingapi tofauti?

Mitatu inatosha: jambo limefanyika, jambo limekataliwa, kuna mtu anakungoja. Nimeona programu zenye mitetemo ya kila aina, na watumiaji wake hawakuweza kutaja hata miwili bila kutazama skrini.

Mtetemo uje papo hapo kidole kinapofanya kazi. Ukichelewa unaonekana ni tukio jingine. Uwe na alama yake ya kuonekana, uwe na swichi ya kuuzima, na kwenye tovuti usiutegemee kabisa, kwani si vivinjari vyote vinavyouruhusu ukurasa kuitetemesha simu.

Nasikia simu inatetema mfukoni, nikiitoa hakuna kitu. Ni ugonjwa?

Hapana. Katika utafiti wa Michelle Drouin na wenzake wa mwaka 2012, asilimia 89 ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walikuwa wameshasikia mtetemo hewa, na wachache tu walisumbuliwa nao. Ubongo unaongojea ujumbe huusoma msuguano wa kitambaa cha mfuko kwenye paja kama ujumbe.

Skrini inaweza kumfanya mtu asikie kitambaa?

Kidogo sana. Kuna njia mbili zilizofanyiwa kazi vizuri. Ya kwanza hutumia chaji ya umeme inayokivuta kidole kwenye kioo, E. Mallinckrodt na wenzake waliielezea mwaka 1953, na watafiti wa Disney wakaitia kwenye skrini ya kugusa mwaka 2010 kwa jina la TeslaTouch. Ya pili hutetemesha kioo kwa masafa yasiyosikika ili kidole kielee juu ya utando wa hewa. Chuo Kikuu cha Northwestern kilionyesha kioo chake mwaka 2007. Moja huongeza msuguano, nyingine huupunguza, na zote mbili hufanya kazi pale tu kidole kinapotembea.

Kwa hiyo zinajibu swali moja kati ya yale ya mkono. Mistari ya kodirai, labda utaisikia. Unene, joto, ulegevu na kusugua kati ya vidole viwili havimo.

Vitufe vya skrini viwe na ukubwa gani?

Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka walau pikseli 24 kwa 24 za CSS, kipimo cha kurasa za wavuti. Apple inapendekeza pointi 44, Google vipimo 48 vya dp, kipimo cha skrini za Android. Chukua kikubwa.

Na kwa wasioona?

Nukta nundu alizobuni Louis Braille akiwa kijana mwaka 1824 zinapendeza kiufundi: nukta zina kimo cha karibu nusu milimita na zimeachana kama milimita 2.5, juu kidogo tu ya mpaka uliotajwa kwenye swali la kidole. Leo kuna vifaa vinavyoinua na kushusha pini ndogo ili maandishi ya skrini yasomwe kwa kidole.

Kwa picha za vitambaa, maelezo mbadala yasiwe "kitambaa cha buluu". Mtu asiyeona ndiye mteja mwenye mkono uliozoea kuliko wote. Mpe maelezo kama yale ya swali la kuandika.

## Nguo zenye umeme, na maswali ya pembeni

Nguo inaweza kuwa kitufe?

Inaweza, na imeshauzwa. Google ilitangaza mradi wa Jacquard mwaka 2015, na mwaka 2017 ikatoa pamoja na Levi's koti la jinzi la dola 350 ambalo upande wa chini wa mkono wake wa kushoto ulifumwa kwa uzi unaopitisha umeme. Unapapasa mkono wa koti, muziki unabadilika. Mradi ulifungwa mwaka 2023. Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, Leah Buechley alibuni LilyPad, vibao vya saketi vya kushonwa kwa uzi wa aina hiyo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2007.

Ugumu hauko kwenye uzi. Uko pale uzi laini unapokutana na kibao kigumu: hapo ndipo panapokatika kwanza, na kufua kunaharakisha. Ugumu wa pili ni kwamba kitambaa hakijibu. Kidole hakijui kama amri imepokelewa, na kinapapasa tena, na wimbo unaruka mara mbili. Tarizi ukingo ulioinuka ili kidole kipate mahali bila macho, kisha toa jibu la mtetemo mmoja.

Mguso unaweza kutumwa mbali kama ujumbe?

Majaribio ni ya muda mrefu. CuteCircuit walibuni shati la kutuma kumbatio mwaka 2002. Kikwazo ni kwamba mguso wa upendo una njia yake. Ngozi yenye vinyweleo ina neva za polepole zinazoitikia zaidi kupapaswa kwa mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na mkono wenye joto la ngozi huziamsha kuliko wa baridi. Mota inayotetema haipapasi.

Matthew Hertenstein na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba mtu akiguswa mkononi na mgeni asiyemwona, mara nyingi hutambua kama aliyemgusa anaonyesha hasira, woga, shukrani, upendo au huruma. Mgeni yule alikuwa na shinikizo, mwendo, muda na joto. Kifaa chako huenda kina muda peke yake. Waache wawili wanaokitumia wakubaliane wenyewe mapigo mawili yana maana gani. Usiuite mvumo kumbatio.

Vipi kwa wasiovumilia mguso, au wasiousikia?

Kuna wateja, wakiwemo wengi wenye usonji, ambao lebo ya shingoni inawaharibia siku. Waambie mishono iko wapi, lebo imeshonwa au imechapwa, lastiki iko ndani au imefunikwa. Ni sentensi mbili, na maduka mengi hayaziandiki.

Upande wa pili, kisukari kinaweza kuleta ganzi ya vidole na miguu. Kwao mtetemo hauwezi kuwa onyo pekee, na soksi yenye mshono mkavu inaweza kuchubua bila wao kujua.

Mkono unafundishika?

Unafundishika. Katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwalimu László Moholy-Nagy aliwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza mbao za kugusa. Mfumaji Otti Berger, ambaye usikivu wa masikio yake ulikuwa umepungua, alitengeneza wake mwaka 1928, safu ya nyuzi za aina mbalimbali za kusomwa kwa vidole. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944, ubao umebaki.

Zoezi la kufanya nyumbani: tafuta vipande kumi vya vitambaa vya ukubwa mmoja. Fumba macho, vipange kuanzia kinachoteleza hadi kinachoparuza, mwenzako aandike mpangilio. Vipange tena kwa ubaridi, kisha kwa ukakamavu. Orodha tatu hazitafanana, na kitambaa kilichoruka kutoka mwanzo wa orodha moja hadi mwisho wa nyingine ndicho cha kuchunguza kwanza: kikunje, kitazame kwenye mwanga wa pembeni, vuta uzi mmoja. Kisha vifue vyote kumi na uanze upya.